Mama kawekewa betri ya moyo, leo siku ya nne: bega linamtesa na shangazi anataka kumkanda

mwana_wa_korogwe aliuliza:

Wakuu, naomba wenye ujuzi wa mambo haya wanisaidie. Mama ana miaka 67, kilo 58. Mapigo yake yalikuwa yanashuka hadi 34 kwa dakika, akawa anaanguka, na Jumatatu akawekewa betri ya moyo (pacemaker, chombo kinachochochea mapigo kwa umeme) yenye waya mbili, upande wa kushoto chini ya mtulinga. Leo Ijumaa. Karuhusiwa jana, tuko Dar.

Mshono una kama sentimita tano, umefunikwa plasta pana, nyuzi tumeambiwa zitayeyuka zenyewe. Homa hana, nimempima asubuhi 36.8. Dawa anazomeza ni amlodipini ya presha na aspirini ndogo ya miligramu 75. Kuna weusi wa damu umetoka chini ya plasta na kuteremka kwenye titi.

Kidonda chenyewe anasema kinavumilika. Kinachomnyima usingizi ni bega na mgongo nyuma ya bega. Hospitali walisema asinyanyue mkono wa kushoto, basi tumemfunga kanga shingoni ikaubeba mkono, na tangu jana hataki hata kukunja vidole.

Maswali yangu: Shangazi amechemsha maji na chumvi, anataka amkande kifuani na begani kisha amchue na mafuta ili damu iliyovilia itawanyike. Ni salama? Duka la dawa wamenipa diklofenaki, nimpe? Alale vipi, na avae nini maana kila nguo inamgusa pale? Na Jumapili tunataka kumpeleka nyumbani Korogwe kwa basi. Asanteni.

---

nesi_wodi_ya_moyo alijibu:

Pole kwa kuuguza, na mfikishie mama shikamoo. Naanza na la haraka: hayo maji ya moto yasifike kifuani. Shangazi ana nia njema na kukanda kunasaidia sana mahali pake, lakini pale si mahali pake.

Chini ya plasta hiyo daktari amechana ngozi na kutengeneza kimfuko juu ya msuli wa kifua, ndani yake ameweka chombo cha titaniamu chenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Vimishipa vidogo vilivyokatwa ndiyo kwanza vimeziba. Joto linapanua mishipa, aspirini inazuia damu isigande vizuri, mkiviweka pamoja damu inaanza tena kuvujia ndani ya kimfuko. Kimfuko kikijaa damu kinakuwa kitanda cha vijidudu. Halafu maji yenyewe yanapenya kwenye mshono ambao bado haujashikana. Na vidole vya mchuaji vinaweza kuigeuza betri mle ndani ikavuta waya. Kwa hiyo si maji ya moto, si chumvi, si mafuta, si liwa, si asali, si spiriti, si unga wa aina yoyote.

Ule weusi ulioteremka kwenye titi usiwatishe. Damu hufuata mteremko, inaweza kufika hadi juu ya kiwiko au ubavuni, na itabadilika kutoka zambarau kwenda kijani, kisha njano, kwa wiki mbili au tatu. Chukua kalamu, chora mstari kwenye ngozi nzima pembezoni mwa weusi, andika tarehe na saa. Weusi ukipita mstari kidogo lakini ngozi ni laini na bapa, endeleeni kuangalia. Kinachotakiwa kuwashtua ni uvimbe unaotuna, mgumu, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na maumivu yanapanda badala ya kushuka. Hapo mrudisheni hospitali alikowekewa siku hiyohiyo. Na tafadhali sana, asitokee mtu wa zahanati akasema "ngoja tuinyonye hiyo damu kwa sindano". Sindano inaingiza vijidudu moja kwa moja kwenye chombo, na inaweza kutoboa ganda la waya. Akihitaji kutolewa damu hiyo, inatolewa chumba cha upasuaji.

Diklofenaki irudisheni dukani. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye presha, dawa za kundi hilo (na ibuprofeni imo) zinabakiza maji na chumvi mwilini, zinapandisha presha, zinaumiza figo, na zikikutana na aspirini tumbo linaweza kuvuja damu. Jeli yake ya kupaka nayo isikaribie mshono.

Mpeni parasetamoli, lakini mpeni kwa saa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kusubiri mgonjwa alalamike ndipo apewe vidonge. Maumivu yakishapanda, vidonge viwili havitoshi kuyashusha. Kwa kilo 58, kama ini lake ni zima, vidonge viwili vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, viwili saa 8 mchana, viwili saa 4 usiku. Jumla sita kwa siku. Fanyeni hivyo siku tatu, kisha punguzeni. Kiwango cha mwisho kwa mtu mzima ni vidonge vinane kwa saa 24, ila kwa umri wake sita vinatosha. Angalieni asipewe na dawa ya mafua juu yake, nyingi zina parasetamoli ndani na mtakuwa mmempa mara mbili bila kujua.

Akitaka kitu cha kumpoza pale kwenye plasta, chupa ndogo ya maji ya friji, ifutwe ikauke, ifungwe kwenye taulo kavu, iegemezwe dakika 10 bila kukandamiza. Barafu tupu hapana, na kitambaa kilicholowa hapana.

Kuoga: kiunoni kwenda chini aoge kama kawaida, juu afutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Plasta ikae kavu mpaka tarehe mliyopewa ya kuonyesha kidonda, mara nyingi siku ya saba hadi ya kumi. Ikilowa au ikibanduka kabla ya hapo, ibadilishwe na muuguzi, msibandike nyingine juu yake. Jasho la Dar ni tatizo kweli. Mwekeeni feni impulize kutoka upande wa miguuni. Kidonda kikishafunguliwa na kuonekana kimefunga, maji yanaweza kupita juu yake, kisha kifutwe kwa kugusagusa. Baharini, mtoni na kwenye beseni la kuzamia asiingie mpaka wiki sita.

Dalili za kidonda kuingiwa: wekundu unaopanuka, joto pale, usaha au majimaji yanayonuka, mshono kuachia, homa ya 38 kwenda juu, au ngozi kuwa nyembamba mpaka pembe ya betri inaonekana kama inataka kutoka. Mkiona mojawapo msinunue antibayotiki dukani. Maambukizi yakishashika chuma, vidonge vinaficha homa tu huku ndani yanaendelea, na mara nyingi dawa yake ni kutoa betri na waya zote. Hii inaweza kutokea hata baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo msiache kulikagua kovu baada ya wiki mbili.

---

fundi_wa_mapigo alijibu:

Nesi amemaliza upande wa kidonda. Mimi niongelee mkono, maana hapo ndipo usingizi wa mama unapopotelea.

Fungueni hiyo kanga shingoni leo. "Asinyanyue mkono" haina maana ya kuufunga. Bega la mtu wa umri huo likikaa siku nyingi bila kutumika linakakamaa, na bega lililokakamaa linachukua miezi kulegea, linauma kuliko kidonda chochote. Maumivu ya nyuma ya bega anayoyasikia sasa ni misuli ya shingo na mgongo iliyokaza kwa sababu ameubana mkono mchana na usiku.

Ili muelewe mpaka uko wapi, fuateni njia ya waya. Zinatoka kwenye betri, zinaingia kwenye mshipa mkubwa unaopita chini ya mtulinga, zinateremka hadi vyumba vya kulia vya moyo. Ncha ya kila waya imeshikizwa ukutani mwa moyo kwa skrubu ya milimita mbili hivi, au kwa vijimbawa laini vinavyonasa kwenye nyuzinyuzi za msuli. Siku za mwanzo kinachoishikilia ni hicho tu. Baada ya wiki nne hadi sita moyo unakuwa umejenga kovu kuizunguka ncha, na hapo haitoki kirahisi. Daktari huwa anaacha waya ulegee kidogo ndani ili mtu aweze kupumua na kujinyoosha, lakini mkono ukirushwa juu ya kichwa au ukivuta kitu kizito, ule ulegevu unakwisha na ncha inavutwa.

Basi kwa wiki sita: kiwiko cha kushoto kisipande juu ya usawa wa bega, mkono usipelekwe nyuma ya mgongo kwa nguvu, asijiinue kwa kuegemea mkono huo, na asibebe zaidi ya kilo 4 au 5. Kwa vipimo vya jikoni, birika la chai lita mbili sawa, kidumu cha lita 5 kipelekwe mkono wa kulia, ndoo ya lita 10 aisahau kabisa, mjukuu wa mwaka mmoja apakatwe akiwa ameletwa na mtu mwingine, asinyanyuliwe kutoka chini. Kukuna nazi, kutwanga, kufua kwa mkono, kupiga deki na kushika jembe zinasukuma bega mbele na nyuma mamia ya mara. Hizo zisubiri wiki sita na kipimo cha betri. Kufagia kwa mkono wa kulia, kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kula, kuandika, kuchana nywele za mbele huku kiwiko kiko chini, ruhusa.

Mazoezi yaanze leo, nusu saa baada ya parasetamoli:

Akae kwenye kiti. Akunje ngumi na kuifungua mara 10. Akunje kiwiko na kukinyoosha mara 10, mkono ukiwa ubavuni. Apandishe mabega mawili pamoja taratibu kama anayesema "sijui", ayashushe, mara 5. Kisha asimame, aegemee meza kwa mkono wa kulia, ainame kidogo, auachie mkono wa kushoto uning'inie kama timazi la fundi mwashi, auzungushe duara dogo la ukubwa wa kisahani cha kikombe, mara 10 kila upande. Asiutumie msuli kuuzungusha, mwili ndio uuyumbishe. Mara tatu au nne kwa siku.

Wiki ya pili aanze kutelezesha kiganja ukutani hadi usawa wa bega, asipite hapo. Baada ya wiki sita na kipimo, aupeleke juu kidogo kidogo kila siku mpaka ufike.

Na shangazi apewe kazi yake. Amchue shingo, kisogo na kati ya mabega kwa nyuma, kiganja kikiwa kikavu, kwa upole, mama akiwa amekaa na kuegemeza paji la uso kwenye mito mezani. Kitambaa kikavu kilichopashwa joto kidogo kinaweza kukaa nyuma ya bega dakika 10. Mbele ya mtulinga asipite.

Mambo ambayo si ya kusubiri. Kwikwi isiyokoma, au tumbo na ubavu kudundadunda kwa mpigo mmoja, maana yake umeme wa betri unagusa msuli wa kupumulia au mshipa wake wa fahamu. Huenda waya umesogea, au nguvu ya umeme inahitaji kupunguzwa. Maumivu ya kifua yanayochoma akivuta pumzi, au kuishiwa pumzi, yanaweza kuwa hewa imeingia nje ya pafu au ncha ya waya imepenya ukuta wa moyo. Kizunguzungu kama cha zamani au kuanguka. Haya yote ni ya kwenda siku hiyohiyo, na kwa kuishiwa pumzi au kuanguka, saa hiyohiyo.

Kila asubuhi kabla hajatoka kitandani mhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima kwa saa yenye mshale, msihesabu sekunde 15 na kuzidisha. Angalia kwenye kadi yake, kuna namba ya chini ambayo betri haitakiwi kuruhusu mapigo yashuke chini yake.

---

mwana_wa_korogwe aliandika:

Mungu awabariki. Kanga tumefungua, amefanya la timazi mara moja, amesema bega limepata hewa. Kadi imeandikwa DDDR 60–130. Leo nimehesabu 62, lakini jana usiku akiwa amesinzia nilipata 56 nikaogopa. Pia anaisikia betri kwa vidole, kila mara anaishikashika kuona kama bado ipo. Na kuhusu swala, anataka kujua kama anaweza kusujudu.

---

fundi_wa_mapigo alijibu:

DDDR ni jina la namna betri ilivyopangwa kufanya kazi. 60 ndiyo namba ya chini, 130 ni kasi ya juu kabisa ambayo betri itauendesha moyo akitembea au kufanya kazi. 56 usingizini ina maelezo mawili ya kawaida. Betri nyingi zina mpango wa kupumzika usiku, namba ya chini inaweza kuteremshwa mpaka 50 hivi. Siku ya kliniki waulizeni kama wamemwekea. La pili, moyo ukipiga pigo la ziada mapema, pigo hilo ni dhaifu na halifiki mkononi, wewe unahesabu pungufu wakati moyo umepiga. Kwa hiyo hesabuni akiwa macho, mara mbili, dakika tano kati yake. Ikiwa zote mbili ziko chini ya 60 kwa tofauti kubwa, au iko chini na anasikia kizunguzungu, nendeni.

Kuishikashika aache kabisa. Kuna wagonjwa ambao kwa kuizungusha betri chini ya ngozi, wengine bila hata kujua, waya zimejisokota kama uzi kwenye kibiringo mpaka ncha ikang'oka moyoni. Wazee wenye ngozi iliyolegea ndio wanaopata zaidi. Kuangalia kwa macho kwenye kioo kunatosha. Mwambieni pia kwamba kuisikia imekaa kama kiberiti chini ya ngozi ni kawaida, na uvimbe ukishuka ataiona imechomoza zaidi ya ilivyo sasa. Haijasogea, ni uvimbe umeondoka.

---

tiba_viungo_tanga alijibu:

Naongezea ya kulala, kuvaa na swala.

Alale chali, mito miwili kichwani na mabegani, na wa tatu mwembamba chini ya mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kiganja. Siri iko kwenye huo wa tatu. Mtu akilala chali bila kitu, kiwiko kinadondoka nyuma ya usawa wa mwili na kifua kinavutwa usiku kucha, ndipo anaamka saa nane akidhani ni kidonda. Kiwiko kikae mbele kidogo ya ubavu. Kama hana mto wa tatu, kanga mbili zilizokunjwa mara nne zinatosha. Akichoka, ageukie kulia na kukumbatia mto kifuani ili mkono wa kushoto usiangukie mbele. Kulalia kushoto hakuharibu betri, ila kutamuuma kwa wiki tatu au nne.

Kama amezoea kulala kwenye mkeka chini, kwa wiki sita apewe kitanda. Kuinuka kutoka sakafuni mtu hujisukuma kwa mikono miwili bila kufikiri. Kitandani akunje magoti, ageukie kulia, ateremshe miguu, ajisukume kwa kiganja cha kulia. Anayemsaidia aweke mkono mmoja nyuma ya bega la kulia na mwingine nyonga ya kushoto. Asivutwe mkono, asibebwe makwapani! Wajukuu na wageni wanaokuja kumjulia hali waambieni hivyo mlangoni, kwa sababu wa kwanza kumwona anataka kuinuka atamdaka mkono. Chandarua kifungwe kikiwa tayari na mtu mwingine achomekee pembeni. Kule kunyoosha mkono kukitupia juu ndiko kunakokatazwa.

Nguo: blauzi ya pamba au gauni lenye vifungo mbele, kubwa namba moja. Mkono wa kushoto uingie kwanza kwenye kuvaa na utoke mwisho kwenye kuvua. Dera la kupitisha kichwani liwekwe pembeni, au lichanwe mbele na kushonwa zipu, kazi ya nusu saa kwa fundi cherehani. Kanga ya kifuani, lile pindo la juu linakaa na kusugua ukingo wa chini wa plasta. Afunge kiunoni, juu avae blauzi.

Sidiria. Wengi wanaambiwa waiache kabisa. Kwa mwanamke mwenye kifua kidogo ni sawa, ila kwa mwenye matiti mazito uzito huo unavuta ngozi kwenda chini na mshono unavutika kila anapotembea. Huyo anahitaji sidiria laini isiyo na waya, ya kufunga mbele, kamba pana. Kamba ya kushoto isogezwe kuelekea shingoni au begani kabisa ili isipite juu ya betri. Kama lazima ipite, iwekewe gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) iliyokunjwa mara nne. Mkoba na kikapu ni bega la kulia miezi miwili.

Kwa swala, akae kwenye kiti. Rukuu na sujudu kwa kuinamisha kichwa, ya sujudu ikiwa chini zaidi. Mgonjwa ana ruhusa hiyo. Takbira haina tatizo, viganja vikifika masikioni huku viwiko viko chini ya mabega. Kwenye udhu, akiosha uso ainame mbele ili maji yadondoke kwenye beseni badala ya kutiririka shingoni hadi kwenye plasta. Kusujudu chini arudie baada ya wiki sita, aanze kwa kujaribu uzito kwenye mikono akiwa amepiga magoti.

---

nesi_wodi_ya_moyo alijibu:

Hilo la safari halijajibiwa. Jumapili itakuwa siku ya sita. Ushauri wangu ni msubiri mpaka kidonda kikaguliwe. Si kwamba basi litang'oa waya. Ni kwamba kliniki ya kwanza kwa kawaida iko ndani ya siku 7 hadi 14, mkienda Korogwe mtamrudisha ndani ya wiki, na matatizo mengi ya waya kusogea huonekana siku hizihizi za mwanzo. Betri husomwa kwa kompyuta maalumu, na kila kampuni ina yake: ya Medtronic haisomi ya Abbott, wala ya Biotronik haisomi ya Boston Scientific. Hospitali ya wilaya kwa kawaida haina. Zipo kwenye hospitali zinazoweka betri, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kabla hamjaondoka Dar ulizeni wazi: betri hii ya kampuni gani, na kompyuta yake iliyo karibu na Korogwe iko wapi. Pigeni picha kadi pande zote mbili, ihifadhini kwenye simu za watu wawili.

Siku mkisafiri, chukueni siti ya dirishani upande wa kushoto wa basi, mkono wake uwe ukutani, mbali na mizigo na viwiko vya wanaopita katikati. Kanga iliyokunjwa iwe kati ya bega na dirisha kwa ajili ya matuta. Kila basi likisimama ashuke atembee. Kutoka stendi mpaka nyumbani panda bajaji au teksi; bodaboda anashikilia nyuma kwa mkono uleule na kila shimo linamvuta.

Kwa gari dogo kuna jambo wengi hawalioni. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo abiria wa mbele anakaa kushoto na mkanda unampita bega la kushoto, juu ya betri kabisa. Akae nyuma, upande wa kulia, nyuma ya dereva. Hapo mkanda unatoka bega la kulia. Mkanda usipitishwe chini ya kwapa, ajali ikitokea utamvunja mbavu.

---

fundi_wa_mapigo alijibu:

Na simu. Akina mama wengi huhifadhi simu na pesa kwenye sidiria, na ni kushoto. Aache hiyo tabia moja kwa moja, si kwa wiki sita tu. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye betri, aongee kwa sikio la kulia. Simu mpya na vifuniko vyake vina sumaku, na sumaku ikisogezwa juu ya betri inaifanya iendeshe moyo kwa kasi moja isiyobadilika mpaka itakapoondolewa. Spika kubwa za redio zina sumaku pia, asiziinamie.

Jiko la mkaa, gesi, pasi, feni, friji, televisheni, maikrowevu, havina neno. Jiko la umeme la sumaku, lile la kioo ambalo sufuria tu ndiyo inapata moto, asimame sentimita 60 kutoka kwake. Kwenye mageti ya benki na hoteli aonyeshe kadi, apite bila kusimama katikati ya fremu, na kile kifimbo cha mlinzi kisishikiliwe juu ya kifua.

Mtu yeyote akitaka kumpiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku kubwa), au kumwekea mashine ya umeme ya kutibu misuli, kadi itolewe kwanza.

---

mwana_wa_korogwe aliandika:

Safari nimeahirisha, kliniki ni Jumatano. Diklofenaki nimerudisha. La mwisho: pembeni ya plasta panawasha sana na kuna vipele vidogo.

---

nesi_wodi_ya_moyo alijibu:

Vipele vikifuata umbo la plasta, mstari ulionyooka kabisa ukingoni, ni ngozi imekataa gundi. Nendeni kwa muuguzi kesho abadilishe kwa plasta ya karatasi au gozi na tepu laini, msisubiri Jumatano, kwa sababu akikuna ataubandua ukingo na jasho litaingia. Wakati wa kubandua, ivutwe polepole sambamba na ngozi kuelekea kwenye mshono, kutoka pande zote mbili, ili kidonda kisipanuliwe. Kucha zake zikatwe leo usiku.